Watu Tisa kwa Wiki

4 Machi

Mjukuu wangu Chiriku,

Miezi minane! Hata mbuzi akikata kamba hurudi kunusa kigingi chake. Wewe mtu mzima, na miguu yako miwili, umeshindwa. Ulisema utakuja mvua zikikatika. Zimekatika, zimerudi, zimekatika tena, na mimi kila Ijumaa nafagia chumba chako kama mjinga. Juzi muuza mkaa kaniuliza, "Yule nesi wako vipi, bado yupo peke yake au ameshaolewa huko mjini?" Nikamwambia ameolewa na wodi. Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Barua hii anaiandika Fundi cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, maana mimi na kalamu hatujawahi kutambulishana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinishonee maneno yasiyo yangu. Simu yake ingetusaidia, lakini ilitumbukia kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa, Mungu ailaze pema. Tarishi wetu ni dereva wa gari la mkate. Akichelewa kukufikishia, msute, mwambie nimesema mimi.

Sasa sikiliza. Zahanati yetu imefungwa. Sisemi imefungwa watu wakale mchana, imefungwa kabisa. Jumatatu limekuja lori, wakapakia kitanda, mizani ya watoto, friji ya chanjo, hata kile kiti kinachoyumba. Mlangoni wamebandika karatasi. Fundi kanisomea: kwa mujibu wa waraka mpya, zahanati zenye wagonjwa wachache zinaunganishwa na hospitali kubwa ili kuboresha huduma. Kuboresha! Hospitali kubwa ni huko kwako, unatoka hapa asubuhi unafika alasiri, na hapo gari halijapata pancha. Mtu wa presha atafika presha yenyewe imeshachoka kumsubiri.

Na Nesi wetu, miaka kumi na mmoja yuko hapa, kapewa siku nne. Hata hajui anapelekwa wapi, kaambiwa ataona kwenye barua. Alikuja kuniaga, akanishika mkono, akaung'ang'ania. Nikamwambia nenda mwanangu, usinililie hapa, nitakuja kulia na mimi na leo nimefua.

Wewe umo ndani ya serikali hiyo. Waulize hao wakubwa zako wamefunga kwa sababu gani.

Mimi mzima kama kigingi. Usiniulize habari za afya yangu, niulize habari za zahanati.

Bibi yako
(dole gumba lake, limewekwa mbele yangu, Fundi)

*

19 Machi

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Na wewe Fundi, shikamoo, na asante kwa macho yako.

Una haki ya kunifokea. Lakini sikuwa nimekusahau. Likizo zimesimamishwa, Bibi, zote, "mpaka itakapotangazwa vinginevyo". Nilikuwa nimeshafunga begi. Liko chini ya kitanda mpaka leo, limefungwa vilevile, nikitaka soksi nalifungua na kulifunga tena.

Huo waraka uliofunga zahanati yenu, huku kwetu umeleta watu. Wodi yangu ina vitanda thelathini na viwili. Jana walilala wagonjwa hamsini na mmoja, wengine kwenye magodoro chini, wawili kwenye ujia mbele ya stoo. Kwa zamu tuko wauguzi wawili. Na tumepewa vishikwambi, vile vibao vya kioo. Kabla hujamgusa mgonjwa sharti umjaze mle ndani, maswali kumi na moja, ndipo mtambo ukupe namba yake. Bila namba hakuna dawa, hakuna dripu, hakuna hata pamba. Mwezi uliopita mama mmoja alikuwa ananitapikia miguuni huku namuuliza jina la kitongoji alichozaliwa. Akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, nikifa andika popote."

Swali lako nimeliuliza. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, ni mkali lakini hana roho mbaya. Alinitafutia orodha. Mbele ya jina la zahanati yenu pameandikwa: wastani wa wagonjwa, tisa kwa wiki. Kwa hesabu hiyo, Bibi, hata mimi ningeifunga.

Ni kweli mlikuwa tisa? Mimi nakumbuka watu wamejaa pale kama siku ya harusi.

Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala.

Chiriku wako

*

2 Aprili

Chiriku,

Tisa? Tisa ni wale waliofika kabla chai yangu haijapoa!

Nani kahesabu? Alihesabu akiwa amesimama wapi? Ngoja nikueleze maana wewe uliondoka mapema. Nesi alipofika hapa mara ya kwanza alikuja na daftari kubwa kama ubao wa kukatia nyama. Mtu anaingia anaugua, yeye anainama anachora. Jina, umri, mtaa, jina la baba. Foleni inatoka nje inazunguka nyumba. Siku moja nikasimama katikati ya watu, nikamwambia, "Mwanangu, huyu mtoto anawaka moto na wewe unachora. Mtibu! Akipona atajijua mwenyewe, daftari halina haja ya kumjua." Watu wakapiga makofi. Na Nesi ni binti msikivu, akanielewa.

Tangu siku hiyo mambo yakanyooka. Asubuhi alikuwa anatoka na beseni lake anakaa kwenye benchi la Fundi, hapa upenuni. Anaosha vidonda, anapima presha, anachungulia makoo ya watoto, anamaliza watu arobaini jua halijapanda. Wa kuingia ndani kuandikwa ni wale waliotaka cheti tu, cha kazi au cha shule. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kwenye lile benchi, kila baada ya siku moja, ananiosha ule mguu na kunifunga bandeji... Fundi, hilo futa. Andika nilikuwa nakwenda kupiga soga. Umefuta? Fundi anasema amefuta.

Kwa hiyo waambie hao wakubwa wafute tisa yao.

Wiki iliyopita binti wa muuza mkaa kajifungulia ndani ya gari la mkate, njiani akiletwa huko kwenu, juu ya magunia ya unga. Mtoto mzima, mama mzima. Aliyezimia ni dereva. Tunacheka, lakini mama wa kichanga hajacheka bado, na mimi nikiwa peke yangu sicheki. Yule mzee asiyeona, wa nyumba ya kona, hajapimwa presha tangu lori liondoke. Anasema anasikia ngoma masikioni.

Unasema unakula, unalala. Nimekuzalia mama yako, najua sauti ya mtu anayelala. Hiyo yako siyo.

Bibi yako

*

15 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Fundi hakufuta. Amepitisha kamstari kembamba juu ya maneno, nimesoma yote mpaka nukta.

Lakini hata angefuta ningejua, maana Jumatatu tumeletewa muuguzi mpya. Nimeinua kichwa namuona kasimama mlangoni mwa wodi na begi lake: Nesi wenu. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Kidonda cha bibi yako nani anakiosha?"

Nilibaki na sindano mkononi kama niliyemwagiwa maji.

Miezi mitano, Bibi! Miezi mitano una kidonda chini ya kidole kidogo cha mguu, na sukari juu yake, na mimi naletewa habari za kigingi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nani alinifundisha maneno hayo? Na nani sasa anakifunga, na kwa kitu gani? Kina upana gani? Kinatoa maji au usaha? Ukikibonyeza pembeni unasikia? Nijibu moja moja, usinijibu kwa mafumbo.

La pili litakuuma, lakini wewe hukunilea kwa kunibembeleza. Tisa haikutungwa na mtu. Ilitoka kwenye daftari la Nesi. Watu wa wizara walikuja, wakafungua daftari, wakahesabu mistari, wakaondoka. Watu wote wa benchi la Fundi hawamo. Hamkuwahi kuumwa, Bibi. Miaka kumi na mmoja mtaa mzima mlikuwa wazima. Nesi hakulaumu wewe. Kasema, "Bibi alisema kweli, mtu anatibiwa kwanza. Kosa ni langu, jioni nilikuwa nachoka, nasema nitaandika kesho." Lakini akisema hivyo haniangalii usoni.

Fundi, mstari huu unaofuata nakuomba umsomee taratibu, mara mbili: Bibi, kidonda kikinuka, au ngozi ya pembeni ikiwa nyeusi, usilale, panda gari siku hiyohiyo uje. Ukichelewa hatutazungumzia kidole, tutazungumzia mguu.

Chiriku

*

24 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Hii naandika mimi Fundi, bibi yako hajui. Amekwenda kwa muuza mkaa.

Nimekosa. Ile barua nilimsomea yote isipokuwa ule mstari ulioniambia nisome mara mbili. Nilifika pale nikaona ameshika kikombe kwa mikono miwili, ananisikiliza kama mtoto, ulimi ukauruka mstari. Nikajiambia nitamsomea kesho. Kesho haijafika.

Lile la daftari nilimsomea. Aliweka kikombe chini, mwanangu. Bibi yako, yule unayemjua wewe, aliacha chai mpaka ikaota utando. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeifunga." Nikamwambia hapana, Bibi. Akaniambia, "Fundi, nyamaza, chukua daftari lako la vipimo, tunatoka."

Siku ya nane leo tunazunguka nyumba kwa nyumba. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kalamu. Anapiga hodi, hangojei karibu. "Umeumwa nini tangu Nesi aondoke? Na usinidanganye, nakusikia ukikohoa." Mtu anajieleza, mimi naandika. Karatasi nyingine sina, nimeandika kwenye kurasa zilezile za wateja, upande huu kiuno cha mtu, upande huu maradhi yake. Kila nyumba nasema tupumzike. Kila nyumba ananiambia nitapumzika kaburini, huko hakuna foleni.

Mguu wake namuosha mimi, kwa maji ya chumvi yaliyochemka, na vitambaa vyeupe nilivyovitokosa na kuvipiga pasi. Najitahidi. Lakini jana nilipofungua, kilinuka. Yeye kasema ni kitambaa. Mwanangu, mimi nimeshika vitambaa miaka arobaini. Kidole cha mwisho kimekuwa rangi ya wino, na cha pili yake kinaanza. Nikakibonya kidogo, akaendelea kunisimulia habari za muuza mkaa, hakusikia kitu.

Niambie nifanye nini.

Fundi

*

27 Aprili

Fundi, nakusihi, karatasi hii msomee yote, neno kwa neno, hata akikunyang'anya.

Bibi, kuna mstari Fundi aliuruka kwa huruma. Ulisema hivi: kikinuka, njoo siku hiyohiyo, ukichelewa tutazungumzia mguu. Sasa kimenuka. Si kitambaa. Nyama ya kidole imekufa, na iliyokufa inaivuta iliyo hai.

Na mimi nilikuficha. Nina barua ya onyo tangu Februari. Ni ya yule mama aliyekuwa akinitapikia. Niliweka kishikwambi chini, nikamtundikia dripu kwanza. Mtambo ukaona dripu imetoka na mgonjwa hayupo, wakaniandikia kwamba nimepoteza mali ya hospitali. Yule mama alipona, alirudi kwao, lakini dripu yake bado inanitafuta. Barua ya pili ni kufukuzwa kazi. Ndiyo maana sauti yangu hailali.

Leo nimeomba siku tatu nije kukuchukua. Metroni hakuninyima kwa ubaya. Alifungua orodha ya zamu, akaweka kidole juu ya jina langu, akaniambia, "Nionyeshe jina la kuandika hapa." Nikatafuta. Halikuwepo. Nikiondoka anabaki Nesi wenu peke yake na wagonjwa hamsini na wanne.

Nitaondoka hivyohivyo. Jumamosi alfajiri napanda gari. Wakinifukuza wanifukuze, kazi nyingine ipo, bibi mwingine sina.

Chiriku

*

29 Aprili

Wewe mtoto, usithubutu!

Fundi kanisomea. Nimemtukana, nimemsamehe, nikakumbuka tena nikamtukana. Anaandika huku kanuna, asinune, ahsante yangu iko palepale.

Hebu nisikilize. Wagonjwa hamsini na wanne, wauguzi wawili. Utoke mmoja uje kuangalia mguu mmoja? Na wale mle ndani si bibi za watu? Na Nesi wangu, nilimharibia daftari lake, sasa nimuache na wodi nzima mgongoni? Na kazi ile, Chiriku, hukuipata kwa bahati nasibu. Nilikuwa nakuona unasoma umelala kifudifudi mpaka viwiko vinachubuka. Sitaki uiache kwa ajili ya kidole ambacho hata mwenyewe sikisikii.

Ninakuja mwenyewe. Kesho kutwa, na gari la mkate. Dereva anaogopa nitajifungua, nimemwambia atulie.

Naogopa. Andika hivyohivyo Fundi, na leo kweli usifute. Naogopa kisu. Babu yako, mume wetu, aliingia hospitali kwa miguu yake akatolewa amebebwa, na mimi nilikuwa nimemshikia viatu. Kila siku Nesi akiniosha nilikuwa namwambia, usimwambie mjukuu wangu, maana nilijua utasema njoo. Ndiyo hiyo tu. Sikuwa na siri nyingine.

Nakuja na daftari la Fundi. Tumemaliza mtaa jana. Ni watu mia moja arobaini na watatu, mmoja mmoja, nimewaona kwa macho yangu.

Usinipokee. Kaa kwenye kazi yako.

Bibi

*

11 Mei

Fundi, shikamoo,

Samahani kwa kukuweka roho juu. Bibi mzima. Wamemkata vidole viwili, kile cha wino na jirani yake. Mguu umebaki. Daktari kasema zingepita siku nne zaidi angekata chini ya goti. Sasa nakueleza ilivyokuwa, maana yeye akirudi atakusimulia kivyake na atakuwa shujaa peke yake.

Barua yake ya kunizuia ilinifikia Alhamisi, nikabaki kazini kama alivyoniamuru, nikijua akifika ataniita. Alifika hapa Ijumaa, akalala kwa dada wa dereva. Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa dirisha la usajili. Wakamwomba cheti cha rufaa kutoka zahanati yake. Akasema zahanati imefungwa. Wakamwambia basi akalete cheti cha zahanati iliyo jirani. Akasema hakuna jirani, jirani ni nyinyi. Yule msichana wa dirishani akamwambia, na alikuwa karibu kulia mwenyewe, "Bibi, bila cheti mtambo haunipi namba." Akamwonyesha benchi.

Alikaa kwenye benchi hilo mpaka saa nane mchana, Fundi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta ule, hatua ishirini, najaza kibao. Angesema neno moja tu, "mjukuu wangu ni nesi wa wodi ile," angeletwa. Hakusema. Nilipomuuliza baadaye, kanijibu, "Ningekuita ungekuja kunifungua bila namba, ungepata barua yako ya pili. Nilikuwa nawaza njia nyingine." Saa tano nzima alikuwa anawaza njia nyingine, mguu unanuka, watu wanamsogea mbali.

Nesi wenu ndiye aliyemgundua. Alikuwa anapita na shuka chafu, akasikia sauti inamfokea mtu kwa nini anamlaza mtoto shingo upande. Akadondosha shuka palepale, akaja kuniita.

Nilipotoka nilipiga magoti, nikafungua vitambaa vyako. Ulifunga vizuri, Fundi, nataka ulijue hilo. Nikaanza kuosha pale kwenye ujia, mbele ya watu wote, bila namba. Bibi ananipiga mabega, "Acha! Acha, mpumbavu wewe, watakuona!" Nikainua macho, Metroni amesimama juu yetu. Sikuacha. Nilisema moyoni basi, imekuwa.

Metroni alitazama mguu. Akatazama dirisha la usajili. Akaniuliza, "Mtambo unataka namba ya mtu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi si mtu? Weka yangu."

Kwa hiyo kwa wizara, aliyekatwa vidole ni Metroni. Damu ya Bibi tulipima upya, na kwenye kitanda tulibandika karatasi ya jina lake halisi, usiogope. Lakini asubuhi wakiita jina la Metroni, Bibi anaitikia "naaam" ya kifahari, wodi nzima inacheka mpaka wenye mishono wanalalamika. Metroni mwenyewe kaandikiwa ajieleze. Kesi yake mwezi ujao. Ananipita kwenye ujia akikimbilia wodini, na mimi sijui nitamshukuruje.

Na daftari lako. Siku ya tano Mganga Mkuu alipita na kundi lake. Bibi akamshika koti.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye hospitali?"

"Mimi ndiye msimamizi, Bibi."

"Basi kaa. Shingo yangu inauma kukutazama juu."

Akakaa, Fundi! Pembeni ya kitanda. Akafungua daftari. "Hapa pameandikwa kiuno thelathini na nane."

"Huyo ni muuza mkaa. Kiuno tunakijua. Geuza upande wa pili, hapo utaona tusichokijua: presha yake. Ndiyo nimekuja nayo."

Akasoma kurasa tatu, nne. Akasema daftari halina mhuri, wizara haitalikubali. Bibi akamwambia, "Mimi ndiye niliyemzuia Nesi kuandika. Kosa ni la kwangu, mwenyewe nimelipia vidole viwili. Hawa mia moja arobaini na wawili waliobaki unataka walipe nini?" Mganga Mkuu akalivuta daftari karibu. Alitoa simu akapiga picha kila ukurasa, viuno kwa maradhi, yeye mwenyewe, hakumwachia msaidizi.

Bibi anarudi Alhamisi. Vitambaa vichemshwe kama ulivyokuwa unafanya, na nje asikanyage wiki mbili. Najua hutaweza kumzuia. Jaribu.

Wako,
Chiriku

*

30 Juni

Chiriku, mke mwenzangu,

Wiki saba, barua moja, na hiyo moja nusu yake ni habari ya dawa. Nimezimeza dawa zako. Sasa na wewe meza zangu.

Zahanati imefunguliwa. Usishangilie. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa miezi mitatu ya majaribio, halafu watafungua daftari wahesabu mistari tena. Ndivyo ilivyosema karatasi mpya mlangoni. Wametuletea nesi mwanamume, mrefu, mpole, analetwa na gari la mkate na kurudi nalo. Anakaa kwenye ndoo, maana kiti kilienda na lori hakijarudi. Siku ya kwanza alianza kuchora. Nikamtazama. Akaniambia, "Bibi, nimeambiwa habari zako, lakini nisipoandika wanafunga." Nikamwambia sikukatazi kuandika, nakukataza kuanza na kuandika. Sasa tunafanya hivi: anamtibu mtu, mtu akitoka anakutana na mimi mlangoni na fimbo yangu. Hapiti. Kwanza anakaa kwa Fundi anaandikwa, jina, maradhi, kapewa nini. Jioni nesi anahamishia kwenye daftari la serikali kabla gari halijapiga honi. Wanaokimbia bila kuandikwa tunawafuata makwao. Muuza mkaa kasema mimi ni polisi. Nimemwambia ndiyo, na wewe nenda kaandikwe.

Ijumaa iliyopita, sitini na moja. Usiku silali vizuri nikiwaza ile miezi mitatu. Nimeanza kuwaambia watu wakikohoa wasikoholee nyumbani.

Yule mzee wa kona, wa ngoma masikioni, hakuifikia. Tulimzika kabla ya lori la kurudisha kitanda. Kwenye daftari la Fundi ni wa kumi na saba. Nimemwambia Fundi asimkate, aache mstari wake.

Nesi wangu msalimie sana. Mwambie mtaa unamngoja, na mimi nina neno la kumuomba msamaha ambalo halipiti kwenye barua. Na Metroni, mwambie nilisikia kesi imeahirishwa tena, na kwamba siku wakimwita nitakuja, na miguu yangu hii, wavihesabu vidole wenyewe waone ni vya nani.

Mimi natembea. Nakwenda upande kidogo kama kaa, lakini nafika. Na sisemi kigingi.

Umesema umepewa siku mbili mwezi ujao. Basi fanya hivi. Usije Jumanne, usije Ijumaa, siku hizo nina nesi. Njoo Jumatano. Koti jeupe liache huko huko. Na ukishuka kwenye gari, nakujua wewe, macho yako yatakwenda chini kwanza, mguuni. Usinianzie chini. Niangalie usoni, uniamkie, unikumbatie nikusikie mbavu zako zimebaki ngapi, ukae, ule ushibe, ulale mchana mpaka ukorome. Mguu utauona Alhamisi.

Bibi yako